Kompyuta Iliyojifanya Nyingine

Malindi, Jumamosi, Novemba 1989

Joto leo limekaa kitako humu chumbani na halina haraka ya kuondoka. Mvua imenyesha dakika tano, ikatuachia mvuke. Nimeoga mara mbili na bado nanata. Moyo nao umechafuka tangu jana, na sitaki kuisingizia hali ya hewa.

Kazi ya hoteli amepata Dama.

Nimeiandika ili niione kwa macho. Dama, mtoto wa baba mdogo wa Marereni, niliyemchukua hapa kwangu, mtaa wa Kisumu Ndogo, alipomaliza kidato cha nne. Niliyemfundisha kupiga taipu kwa taipureta yangu, kidole kwa kidole, mpaka akaacha kutazama chini. Yeye anaanza Jumatatu. Mimi nimeshukuriwa kwa kufika.

Mwaka huu ni wa kumi na mbili nikimpigia taipu wakili mmoja hapa mjini. Makarani wa mahakamani wananijua hata kabla hawajaniona, kwa mlio wa taipureta yangu, kama bisi zinazopasuka sufuriani. Sijisifu. Au ndiyo, najisifu. Nisipojisifu humu nikajisifu wapi? Wakili anafunga ofisi mwezi ujao, arudi kwao bara. Nina miaka thelathini na saba. Hoteli ile ya njia ya Kilifi ilipotangaza mapema mwaka huu kwamba itatafuta karani wa kompyuta, nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu na kwamba sitangojewa na nyingine.

Na kompyuta nilikuwa nayo! Nani mwingine mtaani kwetu alikuwa nayo?

Niliachiwa na Sinyora, mama wa Kitaliano niliyekuwa nikimpigia barua zake za Kiingereza kila Jumamosi. Aliporudi kwao mwaka jana alinipa kompyuta ya mjukuu wake, ya kuchezea michezo na kuchora picha za rangi. Shida ni kwamba haikuwa ya aina ile ya maofisini. Programu za ofisi ukizitia humo ni sawa na kujaribu kufungua mlango wa jirani kwa ufunguo wako. Nikamwandikia Sinyora kumweleza. Mpwa wake, kijana wa mambo hayo, akaniletea kifurushi kwa posta: disketi mbili na karatasi za maelezo. Disketi moja ilikuwa na programu za ofisi, za barua na majedwali. Nyingine ilikuwa na programu ya ajabu. Ukiipakia, kompyuta yako inasahau ilivyo na kujifanya kompyuta ya ofisi. Mashine ndani ya mashine.

Kuipakia kulinila Jumapili tatu za mwezi wa saba. Kompyuta yangu ina tundu moja tu la disketi. Tia ya kwanza. Toa. Tia ya pili. Toa. Rudisha ya kwanza. Nilifanya hivyo mpaka nikawa nafuata bila kusoma. Kisha ikaniambia kumbukumbu haitoshi. Nikakaa na kamusi na zile karatasi, nikagundua kuna saa na kikokotoo ambavyo mashine hujipakia yenyewe kila inapowashwa, vinakaa pembeni vinakula nafasi. Nikavifuta. Nikaanza upya. Umeme ukakatika. Jumapili iliyofuata nikaanza upya tena.

Jumapili ya tatu kioo kikawa cheusi chote, na pembeni juu pakatokea herufi A na alama ya mshale. Basi. Karatasi zilisema hivyo ndivyo kompyuta ya ofisi inavyokusalimu. Nililia. Nikamwita Dama, alikuwa uani akifua, akaja na povu mikononi.

"Hongera, dada," alisema. "Lakini mbona hamna kitu?"

Tulicheka sana siku ile.

Mpwa wa Sinyora alikuwa ameandika, kwa kalamu, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwamba itakwenda polepole kidogo. Polepole kidogo! Mashine inayojifanya nyingine inamaliza nguvu zake kwenye kujifanya, na kazi yako inapata masalio. Unapiga herufi, unangoja, ndipo inatokea. Ukipiga haraka inazimeza. Niliandika "Malindi" ikanipa "Mlni". Nikajifunza adabu yake: piga herufi, weka mikono mapajani, tazama, piga nyingine. Miezi minne nilifanya hivyo, kila siku nikitoka kazini, kabla hata ya kuvua viatu. Nilijua amri zote. Kuhifadhi, kutafuta, kuhamisha aya, kupanga majina kwa alfabeti. Nilikuwa nikiziota.

Dama sikumruhusu kuigusa.

Nilimwambia ni mashine nyepesi kuharibika, tumwache mtu mmoja tu aitumie. Haikuwa hivyo. Nilitaka kiwe kitu changu peke yangu. Yeye nilimwachia taipureta barazani, akawa anapiga huko mchana kutwa, na mimi ndani nangoja herufi zangu zitokee. Hata fomu ya kuomba kazi ile ile ya hoteli nilimjazia mimi, kwa mzaha, ili azoee kukaa mbele ya watu. Naapa sikudhani ataipata.

Jana ndipo tulipokwenda hotelini. Walituweka kwenye kompyuta mbili, ubavu kwa ubavu, za ofisi za kweli, na kila mmoja akapewa ukurasa mmoja wa barua aunakili. Meneja alisimama nyuma yetu na saa yake ya mkononi. Mimi nilitulia. Nilikuwa na raha, hata. Nilipiga herufi, mikono ikashuka mapajani, nikatazama. Nikapiga nyingine. Mikono ikashuka. Herufi ilikuwa inatokea papo hapo, nililiona hilo, kichwa kililiona, lakini mikono haikusikia. Kila nikijilazimisha niharakishe, vidole vinatangulia na akili inashtuka kwamba zitamezwa, nasimama.

Na kando yangu nikasikia bisi zinapasuka. Mlio wangu mimi, unatoka kwenye vidole vya Dama. Hakuna aliyemwambia kwamba kompyuta hungojewa. Aliiona ina herufi pale pale zilipo kwenye taipureta, akapiga.

Alimaliza ukurasa kwa makosa mawili. Mimi sikuwa na kosa hata moja, na nilikuwa nimefika nusu.

Meneja aliinama karibu na sikio langu, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. "Mama, unaiogopa hii mashini? Mwenzako hajawahi kuigusa, na haiogopi."

Nikataka kumweleza. Nikaanza habari za mashine ndani ya mashine, nikasikia mwenyewe ninavyosikika, nikachukua mkoba wangu. Amri zangu zote, hakuna aliyeniuliza hata moja. Walitaka kasi tu, mimi niliyejulikana kwa kasi Malindi nzima. Wakampa Dama majibu hapo hapo.

Tulipofika nyumbani Dama alilia kuliko mimi. Akasema ataikataa. Nikamwambia asifanye ujinga, na nilimwambia kwa sauti nzuri, ya dada mkubwa. Ningeweza kupewa zawadi kwa sauti ile. Moyoni nilikuwa nangoja aseme mara ya pili kwamba ataikataa. Hakusema.

Leo asubuhi baba mdogo amefika kutoka Marereni, na kuku mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia huku ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ile mikono iliyochanika kwa miaka ya kubeba chumvi. Akaniambia nimemwokoa mwanawe asiishie mashambani mwa chumvi kama yeye. Alikuwa hana habari kwamba mimi pia nilikuwa naomba. Dama hakumwambia, na mimi sikumwambia. Nikapokea kuku na shukrani, nikamwekea chai.

Alipoondoka, Dama akaja akakaa kwenye mkeka.

"Dada, kupiga najua, umenifundisha. Lakini hizo amri sijui hata moja. Jumatatu wataniumbua. Nifundishe, tafadhali."

Ningeweza kusema disketi imeharibika. Nilifikiri hivyo, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nikamkumbuka mzee na ile mikono yake, nikaiwasha. Nikampisha kiti changu.

Akaanza kwa mbio zake. Mashine ikameza nusu ya herufi. Akacheka, akafuta, akarudia, ikameza tena. Akanigeukia.

"Dada, uliwezaje kuivumilia hii?"

"Nilikuwa naitaka ile kazi," nikamwambia.

Nilisema ili imuume. Ilimuuma. Aliacha kucheka, akainamisha kichwa, na alipoanza tena alipiga herufi moja, akashusha mikono mapajani, akangoja. Herufi ikatokea. Akapiga nyingine. Sijui kama ni heshima au ni haya, lakini alikuwa akinifuata mimi, mpaka namna ya kukaa.

Tumekaa hivyo tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nimemfundisha kuhifadhi, kutafuta, kuhamisha aya, kupanga majina. Sikumficha amri hata moja. Ni mwepesi wa kushika, na alikuwa akinishukuru kila baada ya hatua. Katika saa ya kwanza alikuwa akijikumbusha kushusha mikono. Katika saa ya pili hakuhitaji tena kujikumbusha. Mikono ilikuwa ikishuka yenyewe.

Niliiona. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, pale pale meneja aliposimama nyuma yangu. Nikamtajia amri iliyofuata.

Labda mazoea hayaingii kwa siku mbili. Mimi yalinichukua miezi minne. Labda Jumatatu atakaa mbele ya mashine ya kweli na vidole vyake vitakumbuka taipureta. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini ameomba tuendelee kesho baada ya kanisa, kutwa nzima, na mimi nimekubali haraka mno.

Sasa yuko uani anamnyonyoa kuku wa babake. Ananiuliza kwa sauti kama nataka kipapatio au firigisi, kwa sababu hapa nyumbani mimi ndiye mkubwa.

Ni maneno machache tu: mashine ya huko haingojei, mdogo wangu, usizoee hii. Nimeyaandika hapa. Kesho nitayasema? Au Jumatatu nitaamka mapema, nimpigie pasi blauzi yake, nimsindikize mpaka stendi, na nimtakie kheri?