Mnyoo Kwenye Leso ya Profesa

Shoga, nimetoka darasani sasa hivi, nina hasira hizo!

Mtihani wa leo ulikuwa mnyoo mmoja kwa kila meza, chini ya hadubini. Tulitakiwa tuseme tu kama protini zake zinazong'aa zimejipanga pale seli za neva zinapopokezana habari, au zimetawanyika ovyo.

Nikafumba macho niombe. Kufumbua, mnyoo hayupo!

Yule mwenzangu wa meza, anayejiita Profesa, amemfuta kwa leso. Kwa leso! Eti, "Dada, kioo kilikuwa na uchafu."

Uchafu!

Mwalimu akafika: "Haya, protini ziko wapi?"

Profesa, macho makavu: "Zimetawanyika."

Tumefeli wote wawili.

Kumsamehe nitamsamehe, Mungu ameamuru. Lakini si leo.