Siku Niliyozuia Torati

Tel Aviv, Jumatatu

Shangazi Penina mpendwa,

Mguu wako umepona? Huku mvua imeanza, na Mama ana mafua.

Kamati ya sinagogi letu, Baba akiwa mwenyekiti, iliamua kufunga chumba cha chini wanamolelewa watoto wa wafanyakazi wa kigeni, kwa sababu majirani wanalalamikia kelele. Nilimsihi Baba wiki nzima, hakunisikiliza. Basi siku ya Sabato nikaishika haki yetu ya kale: mwenye malalamiko anaweza kuzuia Torati isisomwe mpaka asikilizwe. Nikasimama mbele ya meza ya kusomea.

"Tirza, binti yangu, tuna njaa, na chakula ni baada ya kusoma!" akalalama mzee Glazman.

"Vumilia, mzee. Torati hii inatukumbusha kuwa tulikuwa wageni Misri. Tutaisomaje huku tunafukuza watoto wa wageni?"

Sabato hatuandiki, kwa hiyo tukapiga kura kwa kusimama: anayetaka chumba kibaki wazi asimame. Wakasimama mmoja mmoja, Glazman akinung'unika, "Haya, nimesimama, twendeni tukale!" Akabaki Baba peke yake ameketi. Akanitazama, kisha akainuka.

"Mkaidi kama shangazi yako," akasema.

Leo asubuhi yeye mwenyewe amewafungulia watoto mlango.

Mkaidi mwenzako,
Tirza