Kufuli Nje, Iliki Ndani

Léa weye, uko? Usinipigie, andika tu!

Unajua jirani alitufungia kufuli kwa nje, ili waasi wadhani tumekimbia mtaa wetu wa Kimanga. Sasa shangazi, Tante Marie-Jeanne, si akawasha jiko la makala, akakaanga iliki na karafuu! Eti hawezi kula wali wa viungo vibichi. Viungo, Léa! Moshi haukutoka, lakini ile harufu!

Buti za waasi zikasimama mlangoni. Mmoja akavuta harufu, akasema polepole: "Nyumba imefungwa, lakini inanukia pilau."

Inanukia pilau!!

Tante akaganda, mwiko mkononi.

Wakacheka, wakaenda. Nimechungulia chini ya mlango. Wameacha sahani zao za bati pale, tupu.

Tante iko anaosha mchele.