Masanduku Yako Yameuzwa

Baba Akech,

Maharagwe yako kwenye sufuria, yapashe tu. Muuza maji akipita, jaza pipa lote, si nusu kama juzi.

Usiyatafute yale masanduku mawili makubwa juu ya kabati. Nimeyauza. Wiki jana niliyapiga picha nikaweka tangazo kwenye mtandao pale ofisini, na leo ulipotoka tu, Namutebi, yule fundi cherehani wa mtaa wa Munuki, akaja na bodaboda kuyachukua. Anataka ya kubebea vitambaa kutoka Kampala.

Kumbe hayakuwa matupu. Tumefungua mbele yake tukakuta blanketi, tochi, shati zako nne na vyeti vya Akech vya shule ya Nakuru. Akaniuliza, “Nyinyi mnasafiri lini?”

Nikamwambia hatusafiri, ila mume wangu bado anangoja vita virudi. Alicheka, nikacheka naye. Alipoondoka sikucheka tena. Miaka minne tangu turudi Juba kutoka Kenya, Mabior, na wewe unalala karibu na mizigo bila kuniambia kwamba unaogopa. ~~Ungeniambia nisingeuza.~~ Ningeuza tu, lakini tungezungumza kwanza.

Shati zako nimezitundika kabatini. Vyeti viko chini ya Biblia.

Pesa ninanunulia mapazia soko la Jebel nikitoka kazini. Kasirika kama ni lazima, lakini uwe umemaliza kufikia saa kumi na mbili, maana nitahitaji mtu mrefu wa kuyatundika.

Mama Akech