Kigingi cha Kona ya Nyuma

Jumamosi, 4 Machi

Tumeinunua! Bembea za angani, kamili—nguzo nne, jukwaa, bembea mbili, wavu, na lundo la nyaya lililotutoa jasho kulipakia kwenye lori. Dada aliushika upau wa kurukia, akaufuta vumbi kwa upindo wa blauzi. Miaka kumi na moja hajaruka. Na ni mimi—mimi ndiye niliyempigia simu aache kundi la sarakasi, arudi kumuuguza baba. Ningeweza kumuuguza mwenyewe. Ningefunga karakana yangu ya kuchomelea miezi michache, basi. Sikutaka. Kundi likaondoka bila yeye.

Mzee aliyetuuzia alinivuta kando. Nguzo hizi zitadumu hadi zikuzike, akasema, cha kuogopa ni ardhi. Kagua vigingi kila asubuhi, na mvua ikinyesha kagua mara mbili. Nikamwambia aondoe shaka.

Jumanne, 14 Machi

Siku ya nne ya kuifunga, uwanja wa nyuma ya ukumbi wa mazoezi anakofundisha dada. Nimechomelea upya ngazi ya kupandia jukwaani, nimebadilisha boliti zilizoshika kutu. Nguzo zimesimama wima, pima maji imekubali. Vigingi kumi na sita vya chuma, vyote nimevipigilia kwa nyundo kubwa. Mgongo si wangu. Vinne vya kona ndivyo vinavyoushika wavu. Dada kaniletea chai, akanitania kwamba hata harusi yangu sikuihangaikia hivi. Kweli!

Jumamosi, 1 Aprili

Leo ameruka. Mdakaji ni mwenzake wa kundi la zamani—wanamwita Koleo, kiganja chake kikikukamata hakikuachii. Alining'inia kichwa chini kwenye bembea ya pili, akapiga kofi moja. Dada akaachia. Kwa sekunde moja hakushika kitu wala hakushikwa na mtu. Halafu—pa! Viganja.

Nililia. Nikasingizia vumbi.

Alhamisi, 13 Aprili

Mvua siku tatu. Leo imekatika. Dada aliwaahidi wanafunzi wake maonyesho saa tisa alasiri. Mimi nilinaswa karakanani na geti la mteja. Nimefika saa tisa kasorobo, nikachukua daftari la ukaguzi, nikatia alama ya vema safu nzima. Vigingi kumi na sita. Sikuinama hata kwenye kimoja. Nilijiambia: juzi vilikuwa sawa.

Koleo alimkosa, vidole viligusana tu. Si kitu, wavu upo, ndiyo kazi yake. Lakini kona ya nyuma iliachia. Kigingi kiling'oka topeni kama jino bovu, wavu ukalegea, dada akafika chini kwa bega.

Sauti ile.

Wote walimkimbilia. Wakambeba hadi kwenye gari. Mimi nikasema nabaki kufunga milango. Nikaokota nyundo, nikakirudisha kigingi mahali pake, nikakaza waya, nikasawazisha tope kwa kiatu. Mikono ilifanya yenyewe.

Hapana. Si mikono. Mimi.

Ijumaa, 14 Aprili

Bega limevunjika mahali pawili. Kifundo cha mkono pia. Koleo aliniuliza koridoni kama wavu ulilegea. Nikasema hapana. Akanitazama, akaenda zake.

Jumapili, 23 Aprili

Ametoka hospitali, tumemleta kwangu. Plasta kuanzia vidole hadi begani. Nilikuwa namlisha supu akasema mwenyewe, bila kuulizwa: "Niliangukia ukingoni mwa wavu, mdogo wangu. Kosa la mtu wa siku ya kwanza. Mwili umechoka, mimi tu sikutaka kukubali."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Kijiko kiko hewani, nyumba kimya, mke wangu yuko uani. Nikasema, "Usijilaumu, dada."

Usijilaumu! Nami nikapuliza supu ipoe.

Jumamosi, 6 Mei

Ameamua kuiuza. Daktari anasema bega litapona, kuruka au kutoruka ni hiari yake. Yeye anasema basi, mikono imemsaliti. Nikamsihi asiamue kwa haraka. Akanishukuru kwa kazi yote niliyoifanya.

Akanishukuru.

Siku hizi nakagua vigingi asubuhi na jioni. Hakuna anayeruka.

Jumamosi, 20 Mei

Mnunuzi amekuja. Ni mwalimu wa klabu ya michezo, mama mchangamfu, ana wasichana thelathini wanaoingoja. Ataifunga kwenye uwanja wa majani kando ya mto. Kando ya mto! Amegonga nguzo, amevuta nyaya, ameridhika. Akauliza kama imewahi kuleta shida.

Dada akajibu mbele yangu: "Hata siku moja. Shida ilikuwa mimi. Huyu mdogo wangu aliikagua kila siku iendayo kwa Mungu."

Nikasema naenda kuchukua spana. Niko stoo. Naandika juu ya pipa.

Koleo alinifuata humu. Angefoka ningepata la kumjibu. Hakufoka. Alisema siku ile alikuwa kichwa chini, lakini macho yake hayakuwa yamepinduka. Aliiona kona ikiachia. Kesho yake akakuta kigingi kimesimama, akajua. Wiki tano amengoja niseme mwenyewe, kwa sababu ni dada yangu, si wake.

"Anaamini ni mikono yake," akasema. "Mimi ndiye ninayeidaka. Haina kosa."

Akatoka. Mlango kauacha wazi.

Nawaona kutoka hapa. Dada yuko kwenye benchi, anamwonyesha mwalimu kwa mkono mzima jinsi ya kuachia upau. Anacheka. Sijamsikia akicheka tangu aanguke. Nikitoka nikasema, kicheko hiki ndicho nitakachokikata. Nikinyamaza—wale wasichana thelathini, na ule mto.

Ananiita. "Fundi! Spana umekwenda kuifua?"

Mwalimu naye anacheka. Koleo hacheki.

Dada ameniona nimesimama mlangoni na kalamu. Amesogea kwenye benchi, anapigapiga ubao kando yake. Nafasi ya mtu mmoja.