Kona Mbili za Ghorofa ya Kumi na Tisa

Jumatano, wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, nilipoteza unyapara wa nondo kwenye jengo la ghorofa thelathini na nne kule Dar es Salaam. Miaka kumi na saba ya kupanda, tangu nikiwa mbeba ndoo za maji kwa mafundi hapa hapa Same, ikaisha kwa sentensi moja: acha kofia yako hapo mezani. Anayeivaa sasa ni mdogo wangu Elinami. Tumbo moja.

Leo ni Alhamisi. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi ndani ya kikombe cha chai. Milima imejifunika wingu, huwezi kujua kama huko juu kuna watu.

Naandika kwenye ukurasa huu kwa sababu simu zangu Elinami hapokei.

Wengi wanadhani ghorofa refu linasimama kwa nguzo. Nguzo zinabeba uzito, basi. Jengo likishakuwa refu adui wake ni upepo, na upepo hausukumi kwenda chini, unasukuma ubavuni. Anayepambana nao ni kile kisanduku cha zege cha katikati, chenye lifti na ngazi ndani yake, kinachotoka kwenye msingi hadi paa. Ni kuta nne. Zikishikana kwenye kona zinakuwa kitu kimoja, kama mwanzi. Zisiposhikana, ni mbao nne zimesimama jirani, kila moja inapinda kivyake.

Kinachozishikanisha ni nondo zilizokunjwa pembe: mguu mmoja ukuta huu, mguu wa pili ukuta ule. Ghorofa moja ina kimo cha mita tatu na sentimita sitini. Kila sentimita kumi na tano mstari mmoja, jumla mistari ishirini na nne. Tabaka mbili, la ndani na la nje: vipande arobaini na nane kwa kona. Hesabu hii naweza kuifanya nikiwa na malaria.

Ijumaa ile nilifunga kona mbili za ghorofa ya kumi na tisa kwa mikono yangu. Kwa ajili ya mbili zilizobaki, za upande wa mashariki, niliacha vipande tisini na sita, vimekunjwa, vimepangwa chini ya turubai. Nikamwachia Elinami kazi, nikapanda basi kwenda kwetu Mhezi, huku milimani Same, kwenye kipaimara cha binti yangu. Jumapili niliimba kanisani hadi sauti ikakauka. Jumatatu wakamwaga zege. Jumanne nikarudi saiti, nikafunua turubai.

Tisini na sita.

Nilihesabu mara tatu. Nikamwita Elinami, nikamuuliza hizi zinafanya nini hapa.

"Aa kaka, hizo si za ziada? Wewe bwana hata makande unakula kwa kuhesabu punje."

Vijana wakacheka. Nami nilikaribia kucheka, maana ni kweli. Lakini sikukunja za ziada. Sijawahi kukunja kipande cha ziada tangu nianze kazi hii.

Nikaenda kwa injinia wa saiti. Akasema mkaguzi alipita na kusaini. Nikamwambia mkaguzi alifika vibao vya kushikilia zege vimeshafungwa pande zote, akachungulia kwa juu na tochi. Kwenye kona haoni kitu. Injinia akanitazama, akauliza swali moja tu.

"Nani nyapara aliyeondoka saiti siku tatu kabla ya zege?"

Ni mimi. Kesho yake, kofia.

Sasa niandike lile ambalo kwa injinia sikulisema.

Kundi langu ni watu wanane, wote wa Mhezi. Nilipowapeleka mjini nilipeleka na msaragambo wetu, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Kwetu tukisafisha mfereji, kila nyumba inapimiwa kipande chake kwa fimbo. Ukifika kwenye alama, unasimama. Ukipitisha jembe upande wa jirani umemwambia mbele ya watu kuwa ni mvivu, na hilo halisahauliki hata kwenye msiba. Kazi inakwenda haraka mno. Kule Dar nikafanya vilevile: kuta nne, watu wawili wawili, hakuna anayegusa ukuta wa mwenzake. Wahandisi walitushangaa kwa kasi.

Kona nilifunga mimi. Siku zote, ghorofa kumi na nane. Sikuwahi kumwambia mtu kona ni za nani, kwa kuwa zilikuwa zangu. Nilipoondoka zikabaki hazina mwenyewe. Kila mmoja alimaliza kipande chake vizuri kabisa, akasimama kwenye alama.

Kosa hilo ni langu. Nalichukua lote.

Kulifunika si kwangu.

Jana mama alishuka kutoka Mhezi kufuata dawa zake za presha. Alikuwa ameshasikia yote, kwa upande wa Elinami. Hakutaka maneno mengi.

"Hilo ghorofa limesimama au limeanguka?"

"Limesimama, mama."

"Basi mwache mdogo wako naye ale."

Nikachukua boksi la sabuni, nikaling'oa juu na chini, nikalisimamisha mezani. Nikalisukuma kwa kiganja. Likakaa. Nikachukua kisu, nikachana kona mbili, nikalisukuma tena kwa kidole. Likajikunja.

Mama akaliinua, akapitisha kidole kwenye mpasuko.

"Umeniharibia boksi la vifaranga," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Huko juu watakaa watu?"

"Watakaa, mama. Mamia."

"Muulize mwenyewe. Mimi msiniweke katikati yenu."

Akaondoka na basi la saa nane. Chakula hakugusa.

Sisemi jengo litaanguka kesho. Linaweza kusimama miaka na miaka, watu wakanywa chai humo bila kujua. Lakini hesabu yake ilipigwa kwa kisanduku kizima, na mimi najua ghorofa moja ambayo huenda si kisanduku. Na kuna hili: ghorofa ya ishirini na mbili ndiyo yenye mikono, zile kuta nene zinazotoka kwenye kisanduku kwenda kushika nguzo za nje, kama mtu anayepanua mikono asiyumbe. Leo kona bado zinaweza kutibiwa: kutoboa zege, kupachika nondo kwa gundi yake, kuongeza unene kwa nje. Mikono ikishamwagwa, na ghorofa nyingine kumi na mbili zikapanda juu yake, nani atakubali kurudi chini kutoboa?

Nikisema, watu wanane watarudi Mhezi mikono mitupu, na kijiji kizima kitasema nimewachomea kwa kuwa nilifukuzwa. Mmoja wao ni kaka wa mke wangu. Nyumbani kwangu tangu juzi tunaongea kwa salamu tu.

Labda nina kinyongo. Ninacho, sikatai. Lakini kinyongo hakikukunja vile vipande tisini na sita.

Elinami, najua unasoma hapa. Wewe ndiye uliyenifungulia huu ukurasa. Sitaki "tutaongea, kaka". Sitaki uniambie mkaguzi alisaini. Sikuulizi kuhusu kofia, ivae. Nakuuliza kona mbili za upande wa mashariki, ghorofa ya kumi na tisa. Zilifungwa, au hazikufungwa? Zege la mikono ni Jumatatu. Ukisema hazikufungwa, tunakwenda wote wawili kwa mhandisi mshauri wa mwenye jengo, na mimi natangulia kusema kosa lilianzia kwangu. Nakusubiri hadi Jumamosi, saa sita mchana. Saa sita na dakika moja nampigia peke yangu. Nijibu.