Nati nane na sentimita tatu na nusu

Bariadi, Ijumaa. Jua kali, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Roho nayo imejaa vumbi.

Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, nilipoteza ufunguo wa chumba cha eksirei. Haukudondoka. Bosi aliuchukua mkononi mwangu, mbele ya benchi lililojaa wagonjwa.

Nilianza kama mfagiaji wa chumba cha giza, hospitali ya misheni. Nikajifunza kuosha filamu, kisha nikajisomesha upigaji eksirei kwa kulima mpunga. Bosi ni mnunuzi wa pamba. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, na hospitali nazo zikaruhusiwa, akajenga hii yetu. Mashine ilikuja imeshatumika, juu ya lori, ikirushwarushwa tangu Lamadi.

Nakiri kosa langu: niliahidi kuipima siku mbili. Jumatano ilikuwa ya tano.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Taa ya mashine inaonyesha mionzi itapiga wapi. Napanga nati nane kwenye ukingo wa mwanga, juu ya filamu, napiga, naosha. Kwa umbali wa mita moja, mwisho wa kukosea ni sentimita mbili. Nilipata tatu na nusu. Nati tatu za upande mmoja hazikuonekana kabisa.

"Taa si inawaka?" bosi akauliza.

"Inawaka, mzee. Ila inamulika hapa, mionzi inapiga pale."

"Watu wanaumwa, wewe unapiga picha nati! Unataka mashine ilete na cheti cha ubatizo?"

Benchi zima likacheka.

Nikamwambia, "Mzee, msimu wa pamba hununui hata kilo moja kabla hujaweka jiwe kwenye mizani."

"Mizani ikikosea, hasara ni yangu," akasema. Akampa muuguzi ufunguo, apige picha yeye.

Sijalisahau hilo jibu.

Wa kwanza kuingia alikuwa bibi wa Lagangabilili, aliyeteleza kisimani, nyonga imevimba. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje, mama. Kisha nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ufunguo.

Alipigwa picha tatu. Jioni nilizikuta zimeanikwa. Zote zimekatwa palepale, kiungo cha nyonga hakimo hata kwenye moja. Mionzi mara tatu, jibu sifuri. Bibi ameambiwa hakuna kilichovunjika, akachue kwa maji moto.

Nani kaona kwamba hakuna?

Kioo cha taa kimehama. Nahitaji bisibisi, filamu nne na asubuhi moja.

Mzee, najua ukurasa wangu huu wa mtandaoni unausoma. Sitaki kuitwa ofisini, sitaki soda. Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi, kabla benchi halijajaa, nijibu neno moja: mashine inasimama nimalize kuipima, na bibi anafuatwa kwa gari lako arudi apigwe upya? Ndiyo, au hapana?